Mcheza Kwao Hutunzwa: Oscar Robertson na Haki ya Mchezaji wa Kulipwa

Wahenga wetu walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ilizaliwa katika uwanja wa ngoma. Mtu anapoingia kati na kucheza kwa ufundi mbele ya jamaa na majirani zake, wao hutoka mmoja mmoja wakamtunza. Huyu humbandika noti katika paji la uso, yule humfunga kanga kiunoni, na mwingine asiye na kitu humpigia vigelegele. Tunzo hiyo hutolewa kwa hiari. Haiandikwi mahali popote, haidaiwi, wala asiyepewa hana pa kushitaki. Na zamani hapakuwa na haja kubwa ya kushitaki, maana aliyecheza leo alikuwa mtazamaji kesho, na mkono uliopokea ndio huo huo uliotoa.

Hata hivyo, yako mambo ambayo methali hii haikuyatazamia. Mchezo ukigeuka kuwa kazi ya kumpatia mtu mkate wake, watazamaji wakawa maelfu, kila mmoja akalipa kiingilio mlangoni, na fedha za kiingilio zikaenda kwanza kwa mtu ambaye hachezi, je, ni nani anayewajibika kumtunza mchezaji? Je, inatosha kumwachia mwenye timu atoe apendavyo, kwa kiasi apendacho, na siku apendayo? Au hapana budi tunzo iache kuwa hisani na iwe haki?

Insha hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa kueleza maisha ya mchezaji mmoja wa mpira wa kikapu wa nchi ya Marekani, Oscar Robertson. Alikuwa mfungaji hodari sana. Siku alipostaafu mwaka 1974 ni mtu mmoja tu aliyekuwa amefunga pointi nyingi kuliko yeye katika historia ya ligi yao. Lakini pointi peke yake hazingetosha kumwingiza katika mkusanyo wa insha za utamaduni. Ameingia kwa sababu alizitumia sifa alizopata kwa pointi hizo kutafuta jambo lililowafaa wenzake wote, hata wale ambao majina yao hayakumbukwi.

Wako watakaosema kwamba habari za Marekani hazituhusu. Nawaomba wakumbuke kwamba mpira wa kikapu unachezwa katika shule zetu nyingi za sekondari, na kwamba kijana mzaliwa wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, aliingia katika ligi hiyo hiyo mwaka 2009. Sheria alizozikuta huko zilikuwa na historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo inabeba jina la Robertson.

Mchezo wenyewe ni wa juzi tu ukilinganishwa na ngoma zetu. Ulibuniwa mwaka 1891 katika mji wa Springfield, Massachusetts, na mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyeitwa James Naismith, mzaliwa wa Kanada, ambaye alitafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana ndani ya ukumbi wakati wa baridi kali. Alipigilia kwenye roshani ya ukumbi vikapu viwili vya kuwekea matunda, na ndiyo asili ya jina tunalolitumia hadi leo.

Oscar Robertson alizaliwa tarehe 24 Novemba 1938 karibu na mji mdogo wa Charlotte, katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Akiwa bado mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Indianapolis, mji mkuu wa jimbo la Indiana, kama walivyofanya watu weusi wengi wa zama zile waliotoka Kusini kufuata kazi za viwandani na kukimbia dhuluma. Familia ilikaa katika eneo la nyumba za serikali zilizoitwa Lockefield Gardens. Hapakuwa na fedha za kununua mpira. Mtoto alijifunza kulenga shabaha kwa kutupa mipira ya tenisi, au matambara yaliyofungwa yakawa duara, ndani ya kikapu cha matunda nyuma ya nyumba yao. Watoto wetu waliocheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba za migomba hawatashangaa kusikia hayo.

Shule yake ya sekondari iliitwa Crispus Attucks, kwa heshima ya mtu mwenye asili ya Kiafrika aliyeuawa kwa risasi za askari wa Kiingereza huko Boston mwaka 1770. Jina lilikuwa tukufu, lakini sababu ya kujengwa kwa shule yenyewe haikuwa tukufu. Ilifunguliwa mwaka 1927, katika miaka ambayo kundi la Ku Klux Klan lilikuwa na nguvu nyingi katika siasa za Indiana, ili wanafunzi weusi wa mji ule wakusanywe mahali pamoja na kutengwa na weupe. Hadi mwaka 1942 shule kama hiyo haikuruhusiwa hata kushiriki katika mashindano makuu ya mpira wa kikapu ya jimbo. Tena ukumbi wake wa michezo ulikuwa mdogo mno, hata timu ikawa haina nyumbani pake. Michezo yake mikubwa ilichezwa katika kumbi za watu wengine.

Kwa hali hiyo, mwaka 1955, timu ya Crispus Attucks chini ya mwalimu Ray Crowe iliutwaa ubingwa wa Indiana kwa kuishinda Gary Roosevelt, ambayo nayo ilikuwa shule ya watu weusi, kwa pointi 97 kwa 74. Yasemekana hapakuwa na shule nyingine ya watu weusi watupu iliyowahi kutwaa ubingwa wa wazi wa jimbo lolote Marekani. Mwaka uliofuata wakautwaa tena, na safari hii hawakushindwa hata mchezo mmoja katika michezo 31. Katika fainali ya mwaka 1956 Robertson peke yake alifunga pointi 39.

Sasa tuirudie methali yetu. Ilikuwa desturi ya Indianapolis kwamba timu bingwa huzungushwa katikati ya mji kwa shangwe. Vijana wa Attucks walikuwa wameuletea mji huo ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza. Walipandishwa katika gari, wakazungushwa kwenye mnara wa katikati ya mji, kisha msafara haukukaa hapo, bali ukaendeshwa moja kwa moja hadi bustani moja katika mitaa ya watu weusi, wakamalizie furaha yao huko. Wenye mji walichelea kwamba watu weusi wangefanya fujo. Robertson alikuwa na umri wa miaka 16. Katika maisha yake ya baadaye alilisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara kwa uchungu. Kijana yule alicheza kwao, akawapa watu wa kwao ushindi, na kwao wakamwonyesha mlango wa nyuma.

Mwaka 1956 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cincinnati, katika jimbo la Ohio, akiwa miongoni mwa wachezaji weusi wa mwanzo kabisa wa timu ya chuo hicho. Kwa kanuni za wakati ule, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kucheza katika timu kuu. Kwa hiyo alibaki na miaka mitatu. Katika kila mmoja wa miaka hiyo mitatu alikuwa mfungaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Wastani wake ulikuwa pointi 33.8 kwa kila mchezo, na jumla yake ya pointi 2,973 ilikuwa haijawahi kufikiwa na mwanachuo yeyote kabla yake. Mwezi Januari 1958, katika ukumbi mashuhuri wa Madison Square Garden mjini New York, alifunga pointi 56 katika mchezo mmoja.

Lakini timu iliposafiri kusini, mfungaji huyo alikumbushwa rangi yake. Walipofika Houston, katika jimbo la Texas, hoteli iliyowapokea wenzake weupe ilimkataa yeye, ikambidi alale katika chuo cha watu weusi cha mji huo. Msomaji atafakari hali ya kijana huyo: jioni anashangiliwa kwa sababu ya mikono yake, na usiku ananyimwa kitanda kwa sababu ya ngozi ya mikono hiyo hiyo. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa manahodha wa timu ya Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, pamoja na Jerry West, wakarudi na medali ya dhahabu.

Mwaka huo huo aliingia katika mchezo wa kulipwa, katika ligi kuu ambayo ulimwengu huijua kwa kifupi cha NBA. Hakuichagua timu yake. Kanuni ya wakati ule iliipa kila timu haki ya kumchukua mchezaji aliyesoma katika eneo lake, na kwa kuwa Robertson alisoma Cincinnati, akawa mali ya Cincinnati Royals. Hapo tunaona namna neno "kwao" lilivyogeuzwa likawa kamba ya kumfungia mtu.

Yafaa sasa tuutazame ufundi wake, maana bila ya huo hakuna ambaye angemsikiliza. Robertson alikuwa na urefu wa karibu mita 1.96. Alicheza nafasi ya mwongozaji, yaani yule auletaye mpira mbele na kuupanga mchezo. Na kwa nafasi hiyo, katika zama zile, alikuwa mkubwa wa mwili kuliko wengi waliomkabili. Hakutegemea madoido. Aliucheza mchezo kwa subira, akimsukuma mpinzani wake hatua kwa hatua kuelekea kikapuni, bila kuridhika na nafasi ya kulenga kutoka mbali ikiwa aliona kwamba angeweza kupata ya karibu. Mpinzani akisimama imara, Robertson aliinuka na kulenga kwa mkono mmoja juu ya kichwa chake. Wakija wawili kumzuia, ilikuwa na maana kwamba mwenzake mmoja yuko peke yake, na mpira ulimfikia huyo kabla hajauomba.

Katika msimu wa 1961–62, wa pili wake katika ligi, alipata kwa kila mchezo wastani wa pointi 30.8, mipira 12.5 aliyoidaka baada ya kugonga ubao au pete, na pasi 11.4 zilizozaa pointi za wenzake. Mwanafunzi asiyeujua mchezo huu aelewe uzito wa hesabu hiyo. Kufunga ni kazi ya mmoja, kudaka chini ya kikapu ni kazi ya warefu, na kugawa mpira ni kazi ya mwongozaji. Yeye alifikisha zaidi ya kumi katika kila moja ya kazi tatu kwa wastani wa msimu mzima. Ilipita miaka 55 kabla ya mchezaji mwingine, Russell Westbrook, kufanya hivyo katika msimu wa 2016–17.

Msimu ule ule wa 1961–62, Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo, na hata siku moja akafunga pointi 100. Kwa kufunga peke yake Robertson hakumfikia. Lakini yafaa tuwafananishe na watu wa ngomani kwetu. Yuko mwimbaji ambaye sauti yake huwafunika wote, na yuko manju ambaye huimba mstari wake kisha akanyamaza kwa makusudi, ili waitikiaji wapate nafasi yao. Robertson alikuwa manju. Mwaka 1964 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Katika miaka yote tisa kuanzia 1960 hadi 1968, ni yeye peke yake aliyeipata heshima hiyo mbali ya Chamberlain na Bill Russell.

Pamoja na sifa hizo, mchezaji wa kulipwa wa miaka hiyo alikuwa katika hali gani? Wengi walitafuta kazi nyingine msimu ulipokwisha, ili waweze kulisha watoto wao. Hapakuwa na mpango wa maana wa pensheni. Na juu ya yote palikuwa na suala la mkataba. Mchezaji mpya aligawiwa timu moja, na timu hiyo peke yake ndiyo iliyoruhusiwa kuzungumza naye. Mkataba ulipokwisha, kifungu kimoja kiliipa timu uwezo wa kuuendeleza hata kama mwenyewe hakutaka. Na akithubutu kuhama, timu iliyompokea ilipaswa kuifidia timu ya zamani, jambo lililozifanya timu nyingi zijiepushe naye. Lakini timu yenyewe ilikuwa huru kumhamisha siku yoyote, aende mji asioujua, pamoja na mke na watoto. Kwa ufupi, mwenye timu aliweza kumwacha mchezaji, lakini mchezaji hakuweza kumwacha mwenye timu.

Wachezaji walikuwa wamekwisha kuanzisha chama chao mwaka 1954, kwa juhudi za Bob Cousy wa Boston, lakini kwa miaka kumi wenye timu walikisikiliza kwa sikio moja. Tarehe 14 Januari 1964 mambo yakabadilika. Siku hiyo nyota wa ligi nzima walikusanyika Boston kwa mchezo wao wa kila mwaka, ambao ulikuwa uonyeshwe katika televisheni nchini kote. Wakiongozwa na mwenyekiti wao Tom Heinsohn na mwanasheria wao Larry Fleisher, walijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo wakasema kwamba hawatatoka hadi waahidiwe pensheni. Weusi na weupe, wa mashariki na wa magharibi, walikaa humo pamoja huku saa ikienda na vitisho vikija mlangoni. Mwishowe mkuu wa ligi, Walter Kennedy, akatoa ahadi, na mchezo ukaanza kwa kuchelewa. Robertson alikuwa mmoja wao. Alitoka chumbani akafunga pointi 26, akatangazwa kuwa mchezaji bora wa siku hiyo.

Tukio hilo lina fundisho. Mchezaji wa kawaida hakuweza kugoma peke yake, kwa kuwa angefukuzwa na nafasi yake ikachukuliwa kesho yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyota, kwa upande wake, hakuwa na dhiki ya kumfanya agome, maana yeye alikwishapata mshahara mzuri na sifa. Ushindi ulipatikana pale wasio na dhiki kubwa walipokubali kusimama kwa ajili ya wenye dhiki.

Baada ya hapo wachezaji walimchagua Robertson kuongoza chama chao, na aliendelea kukiongoza hadi alipostaafu mwaka 1974. Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1970. Miaka mitatu kabla, mwaka 1967, ilikuwa imeanzishwa ligi ya pili ya kulipwa, ABA, na kwa mara ya kwanza wachezaji walikuwa na milango miwili ya kubisha hodi. Mishahara ikaanza kupanda. Wenye timu wakaona dawa ni kuziunganisha ligi hizo mbili, ili mlango ubaki mmoja. Mwezi Aprili 1970 chama cha wachezaji kikafungua kesi mahakamani New York kuupinga muungano huo na kuipinga mikataba iliyowafunga. Walioshitaki walikuwa wachezaji 14, mmoja kutoka kila timu. Jina la kwanza katika hati lilikuwa la mwenyekiti, na ndiyo sababu kesi hiyo inajulikana hadi leo kwa jina la Oscar Robertson.

Wakati huo huo mambo yake katika Cincinnati yalikuwa yameharibika. Mapema mwaka huo timu yake ilitaka kumpeleka Baltimore. Mkataba wake, tofauti na ya wengi, ulimpa haki ya kukataa, naye akaitumia. Siku chache tu baada ya kesi kufunguliwa, alihamia Milwaukee kwa ridhaa yake. Huko alimkuta kijana mrefu aliyeitwa Lew Alcindor, ambaye ulimwengu ungemjua baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Robertson alikuwa na umri wa miaka 31, na aliona wazi kwamba mfungaji wa timu ile hapaswi kuwa yeye. Wastani wake ukashuka hadi pointi 19.4, wakati Alcindor alifunga 31.7. Timu ikashinda michezo 66 na kushindwa 16, na tarehe 30 Aprili 1971 ikautwaa ubingwa kwa kuifunga mara nne mfululizo timu ya Baltimore, mji ule ule aliokataa kupelekwa. Baada ya ushindi huo, yeye na Alcindor pamoja na mwalimu wao Larry Costello walitumwa na serikali yao kuzuru nchi kadhaa za Afrika.

Aliporejea, kesi ilikuwa ikiendelea. Wenye timu walijaribu njia ya Bunge, wakaomba sheria ya kuuruhusu muungano. Robertson akaenda mwenyewe mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mwaka 1971, akaeleza kwa nini wachezaji wanaupinga. Si watu wote waliotumaini kwamba angeshinda. Katika mchezo wa besiboli, Curt Flood alifungua kesi ya namna hiyo hiyo mwaka 1970, akashindwa katika Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1972. Lakini kesi ya wachezaji wa kikapu hatimaye iliangukia mikononi mwa jaji Robert Carter, mtu mweusi ambaye, akiwa wakili, alikuwa miongoni mwa waliopigania kesi maarufu ya mwaka 1954 iliyoharamisha kuwatenga watoto mashuleni kwa rangi. Alipoitoa kauli yake mwaka 1975, wenye timu walitambua kwamba upepo hauvumi upande wao.

Mwaka 1976 pande mbili zilipatana. Ligi ziliruhusiwa kuungana, na timu nne za ABA zikapokewa. Kifungu cha kumwendeleza mchezaji bila hiari yake kikafutwa. Mpango wa fidia uliozizuia timu kuwapokea wahamaji ukawekewa mwisho wake, na mahali pake pakawekwa kanuni kwamba timu ya zamani inaweza kumbakiza mchezaji ikiwa tu italipa sawasawa na ile inayomtaka. Mwaka 1988 hatua nyingine ikapigwa, wachezaji wa miaka mingi wakapata uhuru kamili wa kuhama mikataba yao inapokwisha.

Ni nani aliyefaidika? Robertson alikuwa amekwisha kuvua jezi. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa fainali ya mwaka 1974, waliyoshindwa na Boston katika mchezo wa saba. Aliacha nyuma yake pointi 26,710 na pasi 9,887 zilizozaa pointi. Hakuna aliyekuwa na pasi nyingi kuliko yeye, na kwa pointi alitanguliwa na Chamberlain peke yake. Tulizoea kusema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia juani, na waliokula kivulini ni wengine, ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa.

Hapana budi tuseme pia kwamba ushindi ule haukuwa kamili. Mgawo wa wachezaji wapya haukufutwa, ulilegezwa tu. Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili katika mgawo wa mwaka 2009, hakuwa yeye aliyeichagua Memphis, ila Memphis ndiyo iliyomchagua. Tofauti ni kwamba masharti aliyoyakuta, mshahara wa kuanzia, muda wa mkataba, na pensheni, yalikuwa yamepatanwa kati ya wenye timu na chama cha wachezaji. Hayakuwa amri ya upande mmoja. Tena wako wanaolalamika kwamba uhuru wa kuhama umewafanya wachezaji watangulize fedha na kuisahau miji iliyowalea. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake, na sisi tuliolelewa na michezo ya ridhaa tunalielewa. Lakini mapenzi ya mtu kwa mji wake hayapimiki ikiwa hana ruhusa ya kuondoka. Anayebaki kwa sababu mlango umefungwa hajaonyesha uaminifu wowote.

Mwaka 1980 Robertson aliingizwa katika jumba la kumbukumbu la magwiji wa mpira wa kikapu, na mwaka 1994 sanamu yake ilisimamishwa katika Chuo Kikuu cha Cincinnati. Mwaka 2015, miaka 60 baada ya ule msafara wa mwaka 1955, mji wa Indianapolis uliwaita wachezaji wa Crispus Attucks waliokuwa bado hai, ukawapandisha magarini, ukawaweka mbele ya gwaride lake kubwa la mwaka katikati ya mji. Vijana wale walikuwa wamekwisha kuwa wazee. Baadhi ya wenzao walikuwa wamefariki bila kuiona siku hiyo. Kwao waliwatunza, lakini kwa wakati uliowafaa wenye kutoa.

Mwalimu anayefundisha michezo shuleni, na mwanafunzi anayeota kuishi kwa kipaji chake, wanaweza kuchukua mambo mawili katika historia hii. La kwanza ni kwamba ufundi ndio unaompa mtu sauti. Robertson asingesikilizwa kama asingekuwa amejifunza kulenga kikapu tangu enzi za matambara. La pili ni kwamba vigelegele si mkataba. Kijana wetu yeyote, awe mchezaji, mwanamuziki au mshairi, anapoalikwa kuutoa ufundi wake kwa malipo, asome kwanza karatasi anayowekewa mbele, aulize jinsi anavyoweza kutoka kama anavyouliza jinsi ya kuingia, na awatafute wenzake wa kazi ile ile ili wazungumze kwa pamoja. Methali ya wahenga ibaki ilivyo ngomani, maana huko inatosha. Penye lango la kiingilio, kutunzwa kwa mchezaji kuandikwe.